Mhojiwa wa Kwanza Niliyemfuta

Baba yangu uliyelala Kolo,

Tasnifu yangu iko kabatini hapa mjini, Area D, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Wageni wakija huitoa, huipima uzito mkononi na kunipa hongera. Naitikia asante, na moyoni najichukia.

Unakumbuka siku uliyoniuliza nasoma nini? Tulikuwa uani tunapura alizeti, mimi nimejifunga kitambaa puani kama mtalii. Nikakujibu, "Uchumi wa siasa wa kimataifa, baba." Ukaisimamisha fimbo hewani. "Ndiyo nini hiyo?" Nikababaika na nchi kubwa, na ushuru, na masoko, mpaka nikafika kwenye alizeti: kwa nini bei yake inashuka Kolo pale meli za mafuta ya kula zinapotia nanga Dar. Ulicheka ukakaa chini. "Hilo mbona nalijua, na ada sijalipa!"

Na kweli ulilijua. Nilipokuja kufanya utafiti ulitaka uwe wa kwanza kuhojiwa. Ulivaa kanzu ya Idi, ukakikataa kigoda, ukaenda kuazima kiti kwa jirani. Nilikusomea fomu ya ridhaa ukatia dole gumba. Nikakueleza kwamba jina lako halitatajwa, utaitwa Mhojiwa wa Kwanza. "Wa kwanza si mbaya," ukasema. Kisha ukanipa yale maneno: "Mwenye ghala kule mjini Majengo ananiambia bei imeshuka. Nikimuuliza nani kaishusha, ananionyesha simu yake. Sasa mimi nigombane na simu?" Sura nzima ya nne niliijenga juu yako. Msikitini ukawatangazia wenzako kwamba maneno yako yatasomwa na maprofesa.

Yalisomwa, baba. Hilo sikukwambia. Siku ya kuitetea kazi yangu, profesa mmoja mama alifungua sura ya nne akauliza, "Huyu mzee ni nani? Anaeleza vizuri kuliko vitabu vyako." Halafu akaona kijiji ni kile kile nilimozaliwa. "Kama ni ndugu yako si kosa. Weka tu maelezo chini ya ukurasa."

Mstari mmoja tu alitaka. Lakini nyuma yangu walikaa wanafunzi wenzangu, watoto wa wakurugenzi, ambao kwa miaka miwili niliwadanganya kwamba baba yangu ni mfanyabiashara mkubwa wa mazao, ana malori. Nikamjibu yule mama, "Hapana, simfahamu."

Nilikukana mchana kweupe. Kisha nikaingiwa na hofu kwamba watafuatilia, nikayaondoa mahojiano yako yote na kusingizia utaratibu. Mahali pako nikawajaza wataalamu watatu wa Ulaya wanaosema yale yale kwa maneno marefu. Nikafaulu.

Nawe nikakwambia chuo kimekukataa. Uliinama kidogo. "Wamesema maneno yangu hayafai?" Nikasema ndiyo. Nilitegemea utafoka, ungenisaidia sana kwa kufoka. Badala yake ukanipa pole! "Wamekusumbua, mwanangu. Wasomi ndivyo walivyo." Sijawahi kupewa pole chungu kama ile.

Ningekuwa nimejiumiza peke yangu, ningenyamaza nayo mpaka kaburini. Lakini Zuhura, kitinda mimba wako, alimaliza kidato cha sita, akafaulu, akapata nafasi chuo. Ukagoma. Baba mdogo alikuja kukubembeleza, mwalimu mkuu alikuja. Uliwajibu wote neno moja: "Mmoja anatosha kwenda kutudharaulisha." Nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani nakunywa chai yako. Sentensi moja kutoka kwangu ingemfungulia mtoto mlango, na nilikuwa nayo mdomoni. Nikaongeza sukari.

Nafasi ikapita. Mwaka uliofuata ukaugua, ukafa ukiamini kwamba kuna watu wenye kalamu waliokaa mezani wakakuona hufai. Hawakuwepo hao. Nilikuwepo mimi.

Wiki iliyopita nilipanda basi nikaja kumwambia Zuhura. Nilimkuta shambani kwako anapalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe. Akauliza, "Baba alijua?" Nikamwambia hukujua. Akarudi kwenye tuta lake, nikabaki nimesimama na viatu vyangu vya mjini mpaka nilipoamua kuondoka.

Jana nikampigia simu. Wewe unajua tulivyomlea: tangu aanze kusema hajawahi kuniita bila kuanza na "Dada, shikamoo." Nikangoja. Kisha akasema, "Unasemaje?"

Lala, baba. Radhi sikuombi, kwa sababu ungenipa.

Binti yako mkubwa