Marguerite na Mabaharia Wake wa Barafu

Mwaka umetimia, Marguerite, tangu asubuhi ile ya tarehe 11 Agosti 2018 ulipotutoka hapa Garland, Texas. Watoto wameniambia niandike mimi, mumeo Nicodème, tena niandike kwa heshima na nisilete mizaha. Heshima nitajaribu.

Ulikuwa mwema, na wema wako ulikuwa na amri ndani yake. Miaka tisa ulifanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, mle ambamo pumzi ya mtu hutoka kama moshi wa jikoni. Ulirudi nyumbani na mikono ya baridi, ukaiweka shingoni mwangu bila kuomba ruhusa, kisha ukacheka mpaka majirani wakasikia. Sasa shingo yangu ina joto mwaka mzima, na joto hilo silipendi.

Na kile kitabu chako! Ulikiazima maktaba mara nyingi mpaka siku walipotoa vitabu vilivyochakaa wakakupa ukae nacho. Kilihusu mabaharia wa zamani waliokwenda kutafuta njia kule ncha ya kaskazini, meli yao ikanaswa na barafu, wakakaa humo majira mawili ya baridi, miezi mizima bila kuona jua. Nahodha hukumjali sana. Uliwapenda watu wa chini: mpishi, seremala, mpiga fidla. Uliwataja mezani kama watu wa parokia yetu. "Mpishi leo kaunguza maharage," unasema, nami nauliza mpishi yupi, kumbe ni yule aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Kilichokukaa moyoni ni jinsi walivyoishi katika giza lile. Kila mtu alitakiwa atoke, azunguke juu ya sitaha, wameshikana mikono, fidla ikiwapigia. Aliyezama kitandani walimfuata wakamtoa, apende asipende. "Wewe Nico, baridi haiui haraka hivyo," uliniambia. "Kinachomaliza mtu ni kukaa."

Sheria hiyo ukaipeleka kazini. Saa ya mapumziko uliwanyang'anya wenzako simu ukawatoa nje, Onyancha na Lydiah na wengine, makoti mazito mwilini, mnazunguka magari ya watu kwenye jua la Texas. Madereva wa malori walisimama kuwapiga picha. Nilipokuja kukuchukua nilijificha ndani ya gari kwa aibu. Leo ningetangulia mbele yenu nikipiga ngoma.

Houston ilipofurika mwaka 2017, binti yetu Jeannette alikuja kutoka Stafford, pembeni mwa Houston, na mumewe na watoto watatu, tukawa saba kwenye vyumba viwili. Uligawa kazi, ukabandika karatasi ukutani, kama mle melini. Mimi nilipewa vyombo. Jioni uliwasomea wajukuu magodoro yakiwa yamejaa sakafu nzima, na mkubwa wao, Inès, haachi kuuliza, "Then what, Bibi?" Asubuhi walisema wameota barafu. Nami niliota, ila sikuwaambia. Nyumba yetu ilikuwa imesimama katikati ya weupe usio na mwisho, taa zote zinawaka, na wewe unapita chumba hadi chumba, taratibu, ukitufunika. Ndoto hiyo bado naiota. Taa zinawaka vilevile, weupe ni uleule, nasikia hata nyayo zako, lakini kila nikiingia chumbani wewe umeshapita.

Sasa nikuambie tunachogombania. Jumamosi hii, tarehe 17, ni siku ya kuondoa matanga kama desturi yetu: watu wale, wanywe, wakutaje kwa furaha, halafu huzuni ifungwe. Jeannette amepanga kila kitu. Mimi nimekataa mwezi mzima. Mdogo wangu Jean-de-Dieu amenisihi mpaka amechoka. Onyancha naye alikuja. "Mzee, si poa kukaa hivi," aliniambia. "Mama Jeannette angekuwa hapa, angekutoa mwenyewe." Nikamjibu, basi aje anitoe. Nisamehe kwa jibu lile. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona kwamba siku watakapoifunga huzuni ndiyo siku utakapokufa kwelikweli, na mimi nitakuwa mtu aliyekuacha.

Jumapili iliyopita Inès alipiga simu. "Babu, you remember ulivyovaa kitenge cha Bibi?" Nilikuwa nimesahau kabisa. Mabaharia wale walicheza maigizo ili giza lisiwashinde, wanaume wenye ndevu wakavaa magauni. Basi wiki ile ya mafuriko nawe ukanifunga kitenge na kilemba, ukanifanya malkia, mbele ya mkwe wangu, Marguerite! Nikaanza kumweleza Inès jinsi nilivyoinama kwa madaha, kilemba kikatumbukia ndani ya sufuria ya maharage, nawe ukakitoa, ukakikamua, ukanirudishia kichwani, ukasema malkia aendelee. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini jikoni, simu mkononi, machozi yananitoka.

Kisha nikafuta machozi. Nikangoja unikasirikie kwa kucheka bila wewe. Nilingoja kitambo kirefu, mtoto anasema hello, hello. Hukunikasirikia.

Basi waje wote Jumamosi. Misa ni saa nne asubuhi, chakula baadaye ukumbini. Maharage napika mimi.

Unakumbukwa na mimi mumeo. Na binti yako Jeannette na mkweo Darius wa Stafford. Na wajukuu zako, Inès na wadogo zake wawili. Na dada yako Godelieve wa Arlington. Na shemeji yako Jean-de-Dieu. Na Onyancha, Lydiah na wenzako wote wa kule kwenye baridi.

Tutakukumbuka daima, Marguerite, na tutacheka.