Betri Iliyotugharimu Maksai

Jumatano, 1 Agosti 2007

Nimefuta vumbi kwenye paneli ya sola kabla ya kukamua. Kitambaa chenye maji kidogo, ngazi, basi. Baba Neema amenishikia ngazi halafu akaondoka. Bado amenuna.

Ananuna kwa sababu ya Waziri. Waziri alikuwa maksai wetu wa upande wa kulia, na ndiye tuliyemuuza tukanunua paneli, betri na taa tatu. Wazo lilikuwa langu. Maksai mwenyewe alitoka kwa kaka yangu. Lakini aliyemfundisha kulima ni Baba Neema, na huo ndio ubishi wote.

Tumekubaliana hivi. Kila senti ambayo sola inatuokolea, mafuta ya taa na betri za redio, iingie kwenye kopo la maziwa ya unga. Mvua zikija na kopo linatosha maksai mwingine, sola inabaki. Lisipotosha, sola inauzwa mnadani na pesa yake inaongezewa humo. Katibu, maksai aliyebaki, hawezi kuvuta plau peke yake. Naelewa. Ila mimi kwenye koroboi sirudi. Nimekohoa moshi ule tangu nilipoolewa.

Jumamosi, 4 Agosti

Sheria nimeweka. Taa moja tu, ya jikoni. Sebuleni giza. Redio ni kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha inazimwa. Baba Neema alikuwa anasikiliza mpira. Nikazima. Akasema hakujua kwamba alioa askari magereza.

Amelala mapema. Vizuri. Taa imepumzika.

Alhamisi, 9 Agosti

Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi. Nimekwenda kutazama kontrola, kile kiboksi cha ukutani chenye vitaa. Kijani, betri imejaa. Njano, imepungua. Nyekundu, imekwisha. Fundi alinionya kwamba nikiizoesha kufika nyekundu itakufa mapema. Kwangu haitafika.

Jumatatu, 20 Agosti

Kijani kabla ya saa nne asubuhi, siku ya tatu mfululizo. Sijui nani mwingine hapa Endasak ana betri inayoshiba mapema hivi. Najisifu mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Ila kopo. Nimelitikisa. Linalia kama lina punje za maharage. Mafuta ya taa hatununui tena, ni kweli, lakini kumbe hata zamani hatukuwa tunanunua mengi. Hapa hatupati hata kwato ya maksai.

Jumapili, 2 Septemba

Mama Gidamis amepita baada ya ibada akiwa na kibuyu chake cha maziwa. Ni mfugaji wa bondeni, kanisani haingii, lakini siku za Jumapili hupita kwangu tukanywa chai. Akaona kile kitaa cha kijani akauliza. Nikamweleza kwa maringo. Imejaa tangu asubuhi.

Akatoka nje akatazama jua, lipo juu kabisa. Akauliza jua la saa hizi linaingia wapi.

Haliingii popote. Betri imejaa.

Akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Mama Neema, wewe una ng'ombe wa maziwa, unamkamua kikombe kimoja kwa siku, halafu unasema unamtunza. Huyo anakauka, mama."

Nimeudhika sana. Nimeudhika kwa sababu amesema kweli. Mwezi mzima nimeweka umeme kama mahindi ya kihengeni, nikidhani nisichokula kinabaki. Hakibaki. Jua la mchana kutwa linagonga kwenye betri iliyoshiba na kupotea.

Jumatatu, 3 Septemba

Sheria mpya. Kazi zote za umeme zihamie mchana, wakati jua linaingia. Redio izungumze mpaka ichoke. Nimebandika karatasi mlangoni kwamba tunachaji simu, kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Jioni taa mbili badala ya moja. Asubuhi betri itakuwa na nafasi ya kupokea.

Baba Neema amesoma karatasi. Akauliza askari magereza amestaafu lini.

Ijumaa, 7 Septemba

Simu zimekuja. Ya kwanza ya Gidamis, mwana wa Mama Gidamis mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa cha shuka. Majirani nao wamekuja, na wanataka bure, kama wanavyokuja kuomba kaa la moto. Nimewaambia kaa la moto bado ni bure, karibuni jikoni. Simu walipe. Mmoja amenuna. Atarudi, maana Katesh kwenye umeme ni mbali.

Jumamosi, 15 Septemba

Baba Neema amerudi kutoka mnadani na mashine ya kunyolea ya mtumba na inverta ndogo, ya kugeuza umeme wa betri uendeshe mashine. Ameuza mbuzi wake. Hakuniuliza. Anasema kama jua la mchana linapotea, vichwa vya watu wa Endasak vipo, na nywele haziachi kuota.

Kichwa cha kwanza ni cha mdogo wake. Ameacha njia ya panya kutoka sikio hadi utosini. Nimecheka nikalia machozi. Mdogo wake amevaa kofia akaondoka nayo.

Jumamosi, 6 Oktoba

Vichwa vimenyooka sasa. Jumamosi benchi la uani linajaa. Wanangoja, wanabishana kuhusu bei ya mbaazi, Baba Neema ananyoa huku anatoa hukumu. Sijamwona na furaha hivi tangu Neema aolewe. Hatasema. Namjua.

Betri asubuhi ina njano, saa nane ina kijani, na kazi imefanyika yote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nimehesabu kopo. Tuna kichwa, shingo na miguu ya mbele.

Jumatatu, 22 Oktoba

Tumebakiza mapaja na mkia. Naanza kuamini. Naogopa kuamini.

Jumatano, 24 Oktoba

Shangazi amefariki Tlawi. Naondoka kesho alfajiri. Maji ndani ya betri yameshuka, nimeona. Nitanunua yale safi ya chupa pale Mbulu mjini, yanauzwa gereji. Nimemwambia Baba Neema anyoe vichwa vichache mpaka nirudi. Ameitikia.

Jumatano, 31 Oktoba

Nilifika jana jioni. Nyumba ni giza. Nilidhani hayupo. Alikuwepo, amekaa na koroboi.

Betri ina joto kama sufuria. Kitaa chekundu.

Leo fundi amekuja. Amefungua vifuniko, amenusa, akauliza ni nani ameongeza maji, na maji gani. Baba Neema akajibu, wala hakuficha. Ya kisima cha bondeni. Alitembea mpaka kule na dumu. Akajaza mpaka juu.

Fundi ameshika kichwa. Maji yale yana magadi, yanapigana na asidi. Baba Neema akasema ng'ombe wote wanayakimbilia, wakiyanywa wananenepa, hayana mfano. Alipeleka maji bora kuliko yote anayoyajua.

Nikatoka. Nimekwenda zizini nikamgombeza Katibu, ambaye hana kosa. Chupa ya gereji ilikuwa bado kwenye kikapu changu. Ningekuwa na nguvu ningeitupa mpaka Masakta.

Alhamisi, 1 Novemba

Fundi amemwaga, ameosha, ameweka asidi mpya. Haijapona. Itafanya kazi jua likiwepo. Jua likizama nayo inazama. Mnadani hakuna atakayeinunua.

Mapaja ya maksai yamekwenda kwa fundi.

Ijumaa, 9 Novemba

Mchana simu zinachajiwa, vichwa vinanyolewa. Kila kilichotuingizia pesa kilikuwa cha mchana, kwa hiyo kipo. Kilichokufa ni taa yangu.

Nasema chakula tayari, anasema asante. Nina hasira na sina pa kuiweka. Angefanya kwa ubaya ningejua la kumwambia.

Jumamosi, 24 Novemba

Mvua imeshuka usiku kucha. Udongo umelainika. Watu wote wanataka maksai sasa, na bei imepanda. Kopo halitoshi. Nimeshindwa, kwa makubaliano yetu wenyewe.

Nikamwuliza kama anapeleka paneli mnadani. Walau hiyo ni nzima. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Hatuuzi." Akaendelea kuchonga. Pembeni palikuwa na mpini mwingine, tayari, mwembamba kidogo, wa kiganja changu.

Jumatatu, 26 Novemba

Tumelima kwa mkono tangu asubuhi. Mgongo unauma hata kuandika. Yeye kashika mstari wa kando yangu.

Tulipopumzika kunywa uji akasema bila kuulizwa. Jumamosi ile nikiwa msibani taa ilianza kufifia, na yeye akaona maji yamepungua. Hakutaka kungoja. Alitaka siku nikirudi kutoka Tlawi nikute taa inawaka.

Nilimwongezea uji, tukanyanyuka.

Mstari wake umepinda vibaya upande wa mashariki. Nimepanda maharage kwa kuufuata ulivyo.