Kikohozi Kinachosemwa Njiani

Iyunga, Mbeya
Mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Kamwene mama, na shikamoo. Mimi huku nipo, nakula, nalala, na lile blanketi ulilonipa nalikunja mara mbili maana baridi ya mwaka huu haina adabu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Kabla sijauliza lolote unasema, "Sisi wazima, hofu kwako," halafu unageuka pembeni kukohoa ukidhani sisikii. Nasikia, mama. Mdogo wangu Letisia naye nikimuuliza anasema mama amepaliwa na moshi wa jikoni. Moshi gani huo wa tangu mwezi wa tano?

Uliwahi kuuliza kazi yangu hasa ni nini, maana umeona sivai tena sare ya uuguzi. Ni hivi. Kila wiki zahanati zinatutumia taarifa: wangapi wamekuja na mafua makali, wangapi wana homa ya mapafu, wazee wangapi, watoto wangapi. Idadi ikipanda ghafla mahali, tunapeleka dawa na watu wa kuchukua vipimo. Kwa kifupi nalipwa kuhesabu vikohozi vya watu nisiowajua. Wenzangu husema nina roho ngumu, nahesabu bila kubadilika uso. Sawa tu. Anayelia kwa kila namba hafiki Ijumaa.

Sasa, kulikuwa na kitongoji kimoja cha wakulima wa viazi, huko milimani juu ya mji, ambacho kilikuwa hakina mgonjwa hata mmoja. Ukungu wa kule hauondoki mpaka jua likaribie utosini, zahanati iko mbali, halafu hakuna anayekohoa. Bosi wetu alifurahi. Mimi sikuamini, nikapanda kwenda kuona na Tumaini, dada anayezunguka kule nyumba kwa nyumba akiandika wagonjwa kwenye kishikwambi.

Tumaini ni mchapakazi lakini ana haraka. Anafika na pikipiki yake, anasimama uani, anasalimia, anauliza kama kuna anayeumwa. Wanamjibu, "Hapana mwanetu, sisi wazima kabisa." Anabonyeza, anawasha, huyo anakwenda zake. Tulipofika kwa bibi mmoja nikamwambia azime pikipiki, tukae. Tukaletewa viazi na chai. Tukaongea habari za mbolea na za mjukuu anayesoma Iringa. Muda wote huo bibi alikuwa mzima. Tulipoaga akachukua fimbo yake atusindikize, na wewe unajua hilo halikataliwi. Tulipofika kwenye miparachichi akasimama.

"Siyo kwamba naumwa," akasema. "Ila nikivuta pumzi, hapa panachoma."

Tumaini akamuuliza mbona hakusema pale nyumbani.

"Pale si ulikuwa unanisalimia? Mgeni hajamaliza hata chai, nianze kumlilia?"

Ilikuwa homa ya mapafu, tena ya pande zote mbili. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tusingemkuta. Ameshapona, amerudi kwenye viazi vyake. Tumaini siku hizi pikipiki anaiacha barabarani, anakwenda kwa miguu, anakula anachopewa, na swali lake analiuliza wakati anasindikizwa. Kitongoji kile sasa kina wagonjwa wengi kuliko majirani zake wote. Bosi amenuna, ila dawa zimepanda mlima.

Ofisini tulicheka sana juu ya jambo hili. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha. Nilikumbuka ulivyonisindikiza Pasaka hadi barabara kuu. Ulisimama njiani ukajifanya unatazama mahindi ya watu, nami nikakutania kwamba umezeeka. Tulipofika kituoni ukanishika mkono, ukaanza, "Sasa mwanangu, ila hapa kifuani..." Basi likafika, konda akapiga kelele, ukaniambia nipande, tutaongea. Hatujaongea mpaka leo. Kila nikipiga simu wewe ni mzima.

Naogopa, mama. Vikohozi vya watu naweza kuhesabu, chako kinanishinda. Kwa hiyo nimeshapanga bila kukuuliza, na ukitaka kunigombeza utanigombeza ukipona. Jumanne asubuhi shemeji Batista atapita na lile gari la mbao kukupeleka hospitali Mafinga. Letisia utaenda naye. Najua utasema kuna maharage ya kupiga na kuku hawana mtu. Maharage atapiga baba mdogo, nimeongea naye, amekubali kwa shingo upande. Batista akifika usimwandalie chai, atakunywa mbele ya safari.

Nisalimie Letisia, na umwambie moshi wake nimeuelewa. Nisalimie baba mdogo na mikono yake itakayouma, katekista jirani yetu, na shangazi wa bondeni ambaye najua atataka kupanda kwenye hilo gari bila sababu. Mwache apande.

Kitu kimoja tu nakuomba. Daktari atakapokuona ataanza kwa kusema, "Habari yako, mama?" Kwa mara moja katika maisha yako, usimjibu nzuri.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Skola