Majina Niliyoyabana kwenye Vitenge

Jumamosi. Mvua ilianza kabla sijaamka na hadi sasa haijaonyesha nia ya kuondoka. Kutoka mlangoni kwetu ziwa halionekani, wala mlima wa ng'ambo. Kuna ukungu tu, na bati la jirani linalopiga kelele.

Mambo ya mji sitayaandika hapa. Anayeishi Bukavu anayajua, na asiyeishi hapa hatayaelewa kwa aya mbili. Mimi ni karani. Kila asubuhi nateremka ofisini Ibanda, nasaini daftari la mahudhurio, napiga mihuri kwenye karatasi ambazo sijui zitakubaliwa wapi, halafu narudi nyumbani. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba hiyo si kazi tena.

Ninaogopa. Nimeanza na neno hilo ili nisilizunguke.

Wengine wakiogopa wanasali. Mimi nanunua kitenge. Nina sanduku la bati lililojaa, na juu yake katoni mbili, na chini ya kitanda mfuko wa mchele uliojaa vipande. Naweza kuusoma mwaka wangu kwenye vitambaa hivyo. Kile cha kijani chenye ndege nilikinunua siku simu zilipokatika. Cha njano ni cha wiki ile tuliyolala sakafuni, mbali na dirisha. Cha zambarau sikumbuki ni cha hofu gani, ila najua sikukihitaji. Hakuna hata kimoja nilichokishona. Kila mara najiambia kwamba mambo yakitulia nitashona vyote, na kila mara nakunja, naweka, nafunga.

Kuweka, hapo sijambo. Vifungo viko kwenye chupa za dawa, kila rangi na chupa yake. Zipu nimezifunga kwa mipira kwa kufuata urefu. Sindano nimezichoma kwenye kipande cha sabuni ili zipite laini kitambaani. Baba, aliyeninunulia mashini ya kushona nilipopata diploma ya serikali, alikuwa akisema hata nzi akiingia chumbani kwangu lazima aonyeshe kitambulisho.

Baba amekufa. Alikufa kwa ugonjwa, kitandani mwake, kabla ya haya yote, na siku hizi watu wanatuambia kwamba tulibahatika.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya hofu zangu zote, kuna vitenge vya Baba. Ni vya kuondoa matanga. Kwetu, mwaka wa msiba ukitimia familia inakutana, kunakuwa na misa na chakula, na wanawake wote wanavaa kitenge cha aina moja. Siku hiyo ndipo mjane anapovua nyeusi. Mama alichagua buluu yenye majani meupe. Tulinunua mafungu manane, yadi sita kila moja: la kwake, langu, la Tantine Mwamini ambaye ni dada ya Baba huko Kavumu, la mke wa kaka yangu huko Kinshasa, la mama mdogo huko Kamituga, na mengine matatu ya binamu zangu. Mama aliyakabidhi kwangu. Kwa nini kwangu? Kwa sababu mimi ni mwangalifu.

Mwaka ulitimia, na hakuna aliyefika. Wa Kavumu aliogopa barabara, wa Kamituga hakupata njia, na kaka yangu alisema kwenye simu kwamba hawezi kuja sasa, kisha simu ikakatika. Tukaahirisha. Tukaahirisha tena. Mama bado amevaa nyeusi.

Leo asubuhi alikuja akasimama mlangoni pa chumba changu akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Nabintu, fungua ile sanduku. Unishonee yangu."

Nikamuuliza, "Na wengine, maman?"

"Wengine watavaa yao siku watafika. Mimi hii nyeusi imechoka kuliko mimi."

Kweli imechoka. Mabegani imegeuka rangi ya majivu. Nilifurahi, hata. Niliona ni kazi ninayoiweza, kazi yenye mwanzo na mwisho. Nikatoa ndege, nikatoa njano, nikatoa zambarau, vyote visafi, vyote vinanukia naftalini. Nikafika chini.

Lazima nieleze jinsi nilivyoyaweka yale mafungu, maana kosa lote liko hapo. Niliyapanga kama mafaili kabatini, yamesimama wima, mgongo wa mkunjo ukiangalia juu. Juu ya kila mgongo niliweka kikaratasi chenye jina, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini. Na ili vikaratasi visidondoke nilivibana kwa agrafezi, hiyo hiyo ya ofisini inayobana karatasi. Pini mbili kila jina. Nakumbuka nilirudi nyuma hatua mbili nikatazama, nikaridhika.

Fundi yeyote wa mtaani angeniambia, na hata mtoto wa fundi. Chuma hakikai kwenye kitambaa, hasa katika mji huu ambao hata chumvi inalia maji.

Pini zimeoza. Kutu imeshuka kutoka mkunjo hadi mkunjo, na doa moja kwenye kitambaa kilichokunjwa si doa moja. Nilikunjua fungu la Mama juu ya kitanda: doa, kiganja kimoja cha buluu safi, doa, kiganja, doa, mpaka karibu mwisho. Nikakunjua langu. Nikakunjua la Tantine. Yote manane. Kila fungu lina kipande kisafi upande wa ndani kabisa, pungufu ya yadi moja.

Vile vya hofu, ambavyo havina jina la mtu, havina hata doa.

Nilikaa sakafuni. Halafu nikafanya anachofanya mtu aliyesoma: nikajaribu. Limau na chumvi kwenye doa moja la fungu langu, nikasugua polepole. Kutu ilitoka, na buluu ikatoka nayo. Likabaki doa jeupe ambalo si jani.

Nikavaa koti, nikamwambia Mama nakwenda kutafuta uzi, nikapanda mpaka sokoni Kadutu katika mvua ile kwa Mama Asha. Familia yake ni ya Uvira, wafanyabiashara tangu babu zao, na vitenge vyangu karibu vyote vimetoka kwake. Aliniona kwa mbali akaanza kucheka.

"Karani, hata na hii mvua? Wewe vita ikipiga kelele unanunua, ikinyamaza unanunua. Sasa utaweka na godoro wapi?"

Nikamwonyesha kipande cha buluu chenye doa, nilichokikata kwenye fungu langu. Akakishika, akakigeuza, akaacha kucheka.

"Hii iliisha kitambo, mama. Ikirudi itarudi na majani ingine. Ulibana na nini hapa?"

Alikuwa ameshaliona tundu la pini. Alinirudishia kipande kikiwa kimekunjwa vizuri, kama mtu anavyorudisha picha ya marehemu.

Sasa nakiri jambo ambalo nilitaka kuliruka. Sikutoka mikono mitupu. Alikuwa na kitenge cheusi chenye samaki wekundu na mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilijua ninachofanya. Nilikiangalia kikifungwa kwenye mfuko na moyo ukatulia, kwa muda wa kuteremka ngazi za soko, na nilipofika chini nilikuwa naogopa kama nilivyopanda.

Kimo kwenye mfuko. Sijakitoa.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa chumbani kwangu. Mafungu manane nilikuwa nimeyaacha wazi kitandani, mimi mwangalifu. Alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, ameshika kikaratasi cha jina la Tantine Mwamini, na kidole chake kilikuwa na kutu.

Nikamweleza yote. Kwamba kosa ni langu. Kwamba fungu lake peke yake haliwezi kutoa hata libaya, ile blauzi ya juu. Kwamba nikitaka kumshonea nguo isiyo na doa, libaya na sketi, sina budi kuchukua vile vipande safi kutoka mafungu ya wengine, karibu yote, na kuviunganisha. Na kwamba nikifanya hivyo hakuna atakayebaki na kitu cha kuvaa.

Nilingoja anigombeze. Heri angenigombeza.

"Kama unakata ya Mwamini," akasema mwishowe, "ni kusema Mwamini hakuji."

"Si kusema hivyo, maman."

"Ni kusema hivyo."

Akasimama, akanyoosha ile nyeusi kwenye magoti. Alipofika mlangoni hakugeuka.

"Kata tu. Lakini usiniambie ni ya nani."

Hayo yalikuwa saa tisa mchana. Sasa ni saa kumi na moja, bado kuna mwanga kidogo dirishani na mvua imepungua. Nimezitoa pini zote kumi na sita kwa ncha ya mkasi, na nyingine zimekatikia ndani. Vikaratasi nimevitia kwenye kopo la maziwa ya unga, sijui kwa nini. Mtu mwenye akili angevitupa.

Nilidhani bila majina ingekuwa rahisi. Vipande vinane vya buluu, vyote sawa. Lakini kila doa lilitoka kwa namna yake, na mimi ndiye niliyeyapanga mafungu. Hili refu ni la Kavumu. Haya mawili yaliyoungana ni ya Kamituga. Hili dogo, karibu lisionekane, ni la mke wa kaka yangu, ambaye hajawahi kulishika fungu lake wala hajui hata ni la rangi gani.

Nimejiapiza kutonunua tena. Nilijiapiza hivyo hivyo siku ya kitenge cha ndege, na mfuko wa samaki uko hapa miguuni pangu.

Vipimo vya Mama ninavyo. Chaki ninayo. Kesho baada ya misa atakuja kuuliza nimefika wapi, akiwa na ile nyeusi mwilini, na sitaweza kumwambia kwamba nilikuwa bado nafikiri. Nani namkata kwanza?