Nilisema Ni Zangu

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na shemeji umpe zake kabla hajauliza. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, miguu haijavimba tena, na huyo mgeni wa tumboni anaendelea kukupiga mateke. Sisi huku tungali hai na mvua zinatunyeshea. Najua kwenye simu mama husema tu kwamba hatujambo, kisha huninyang'anya simu kabla sijafungua mdomo. Ndiyo maana nakuandikia. Tafadhali keti kwanza, na usiisome mbele ya mama mkwe wako.

Ulipokuja kwenye maziko ya kichanga cha mama ulimkuta kitandani, ukaambiwa ni mgongo. Ukakatazwa kukaa naye karibu, eti mwenye mimba changa asikae na mgonjwa. Dada, haukuwa mgongo. Mama alikaa na uchungu hapa nyumbani mpaka jua likachwa mara ya pili. Alikuwa akisema kwamba sisi alituzaa bila taabu, na mzazi mzoefu hakimbilii hospitali kama msichana wa mimba ya kwanza. Walipomfikisha, mtoto alikwisha kufa tumboni, na mama alikuwa ameumia ndani. Tangu siku ile mkojo unamtoka wenyewe, amelala au amesimama, wala haumpi taarifa.

Hakutaka ujue. Alisema una mimba, na mwenye mimba halishwi hofu. Wala hakutaka mtu mwingine yeyote ajue. Kwa wateja alisema cherehani imeharibika, ingawa cherehani ni nzima. Ni yeye asiyeweza kuikalia. Matambara yake nilikuwa nayafua kabla majirani hawajaamka na kuyaanika ndani, chini ya shuka, ili mtu akichungulia aone shuka tu. Mvua zilipoanza yakawa hayakauki, na ngozi ya mapaja ikamchubuka hadi akawa analia akitembea. Baba alihamia chumba cha mbele, halafu akahamia kabisa kazini kwake. Anasema zamu zimeongezwa. Mama husema baba amechoka, nami huitikia.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kununua nepi za watu wazima. Huku kwetu zinauzwa katika lile duka kubwa la kona peke yake. Tangu uolewe wamepata keshia mpya ambaye wateja humwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Ni mama wa makamo, mcheshi, na ana kichwa chepesi. Bei za sabuni na mafuta huwa anazipiga kwenye mashine kwa kichwa, bila hata kuzitazama. Watu huacha foleni nyingine wakapanga kwake ili wacheke. Mashine ikikataa kusoma kitu, huchukua kipaza sauti na kuwaita wa kwenye rafu wamtajie bei, na sauti yake hufika hadi nje kwa walinzi.

Mashine ilikuwa haizisomi zile nepi. Kila nilipokwenda, Redio alinyanyua kipaza sauti akatangaza, "Bei ya nepi za watu wazima! Za watu wazima, jamani, si za vichanga!" Kisha wakati tukisubiri jibu, alinigeukia na kuniuliza kwa sauti ile ile kama nina mzee nyumbani au bado nachora ramani kitandani. Foleni ilicheka. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba anayekutukana hadharani anakupa nafasi ya kuonyesha ulivyolelewa, basi mara ya kwanza nilimwamkia. Akaitikia marahaba vizuri sana, halafu akawauliza walio nyuma yangu kama wanasikia shikamoo hiyo inavyonuka. Tangu hapo nilikuwa nausoma ubao wa matangazo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Siku moja nilipogeuka nilimwona jirani yetu wa ukuta mmoja amesimama nyuma yangu na kikapu chake. Unamjua, yeye humwulizia mama kila asubuhi, na hamwulizii kwa heri. Redio akatangaza kama kawaida yake, kisha akaniambia leo haniachii mpaka niseme ni za nani. Jirani akainua shingo. Nikaona akishajua, siku hiyo hiyo mtaa mzima ungejua, na mama angekufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa. Nikasema ni zangu.

Nikadhani yamekwisha. Redio akapiga makofi na kusema, "Zako? Mtoto mbichi hivi! Nani huyo aliyekuharibu?" Hakuna aliyecheka safari ile, dada. Walinitazama tumbo.

Mpwa wake Redio yuko darasa letu. Kesho yake nilikuta mfuko wa plastiki umetandikwa juu ya kiti changu, na msichana mmoja akaniomba kwa adabu nikae karibu na dirisha. Hilo ningelivumilia. Lakini maneno hayalali njaa. Yalipofika kwa walimu yalikuwa yamenenepa, ya kwamba nilizaa kwa siri wakati wa likizo na mtoto nikamtupa. Mwalimu wa malezi aliniita ofisini akanihoji kwa upole. Nikamjibu kwamba sijazaa. Akaniuliza basi nepi ni za nani, nikarudia kwamba ni zangu. Akaniuliza ninaumwa nini, nikaomba kurudi darasani. Mwalimu mkuu hakuwa na upole huo. Alisema msichana asiyeweza kujieleza hatamwombea nafasi kwenye mtihani wa mwisho, na nisirudi bila mzazi.

Unajua jinsi ninavyoutaka ule mtihani. Hata hivyo sikumwambia mama. Nilibaki nyumbani nikifua, nikasema shule imefungwa kwa sababu ya mvua. Mama akanitazama nikisugua tambara ambalo nilikwisha kulisugua, akaniambia kwamba mimi ni mwongo wa kujifunza ukubwani, sina kipaji. Nikamweleza yote, hadi yale ya tumbo. Hakulia. Aliniagiza nimletee gauni lake jeusi, lile ambalo likilowa halionyeshi.

Tulikwenda kwa miguu, akisimama kila palipo na ukuta wa kuegemea. Ofisini alipewa kiti cha mbao. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto wake hajazaa. Aliyezaa ni yeye, na aliyezaliwa yuko kaburini. Nepi ni zake. Binti alisema ni zake mwenyewe kwa kumsitiri mama yake, na kama kosa hilo linamnyima mtu mtihani, basi na aambiwe sasa. Mwalimu mkuu akaanza kumpa pole. Mama akainuka kabla ya pole kwisha, na sote tukaona kiti. Nilitoa leso yangu nikifute, mama akanishika mkono. Alisema niache, wakione.

Aliyekifuta ni mwalimu wa malezi. Alitutoa nje akatupeleka kwa muuguzi wa shule, na muuguzi hakushtuka hata kidogo. Alieleza kwamba ni tundu lililotoboka ndani kwa sababu mtoto alikaa njiani muda mrefu, na kwamba wapo madaktari wanaolishona. Si kila mara linashika kwa mara ya kwanza, alisema, lakini linashonwa. Mama alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Kisha akacheka, ndicho kicheko cha kwanza tangu maziko, akasema maisha yake yote amewashonea watu, sasa naye kumbe ni kitambaa.

Nilidhani tungerudi moja kwa moja nyumbani, lakini tulipofika kona mama akaingia dukani. Nilimsihi. Akasema nepi zimekwisha na yeye ana miguu. Akachukua pakiti mwenyewe, akaipita foleni fupi, akapanga ya Redio. Tulipofika mbele, Redio alinitambua mimi, akatabasamu, mkono ukaenda kwenye kipaza sauti.

Mama akamwamkia kwanza akimwita dada. Halafu akamwambia kwamba ni zake, si za binti. Alimwomba akitangaza bei aongeze kwamba mwenye nazo amesimama hapa hapa, alizaa maiti, na tangu hapo anavuja. Aitangaze vizuri ili watu wasichoke kuuliza, maana binti ana mtihani na hana nafasi ya kuwajibu. Hakupaza sauti. Aliongea kama anavyoongea na mteja kuhusu urefu wa sketi.

Foleni yote ilitazama viatu. Redio alibaki na kipaza sauti karibu na mdomo, na tukasikia pumzi zake duka zima. Kisha akakiweka chini. Akaivuta pakiti, akabonyeza tarakimu kwenye mashine, akataja bei polepole. Hakumwuliza mtu yeyote. Bei aliijua, dada. Aliijua siku zote.

Hakuomba radhi, wala mama hakungoja aombe. Nje mama aliniambia kwamba nilijibu vibaya siku ile, na kwamba hatasahau kamwe nilivyojibu. Yote mawili kwa pumzi moja. Kisha tukakaa kwenye ngazi ya duka hadi akapata nguvu, watu wakipita.

Shuleni nimerudi. Jina langu limo kwenye orodha ya mtihani, ila dirishani bado nakaa peke yangu. Mama ataingia hospitali mwezi ujao. Daktari hakuahidi kitu, lakini alimpa kitanda, na mimi nimeanza kuipangusa cherehani vumbi.

Sasa nikwambie kwa nini mama ameniruhusu kuandika, kwani yuko hapa kando yangu na anajua kila neno. Wasia wake kwako ni mmoja. Amesema uchungu ukikuanza usiwe shujaa. Usingoje kuche, usingoje mama mkwe akwambie bado. Nenda siku zako zikiwa hazijafika, ulale hata kwenye benchi la hospitali. Amesema yeye aliona aibu kuonekana mwoga, na aibu ile ndiyo iliyomla mwanawe. Hilo alikuwa hajapata kumwambia mtu, hata baba.

Mama anakusalimu sana. Baba ukizungumza naye umsalimie wewe, sisi hatujampata. Lishike tumbo hilo kwa niaba yangu, umwambie mgeni kwamba mama yake mdogo anamngojea aje akiwa hai.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nimeanza kuzoea kuvuliwa cheo na yule kichanga, nimerudishiwa bila kukiomba,

Kitinda mimba.