Ngege Ambaye Sikumwonja

Akinyi dadangu, habari ya Kibera?

Wewe unakaanga samaki wako wa omena hapo Kisumu Ndogo ya Kibera, na mimi niko Kisumu yenyewe, kando ya ziwa, nakula sukuma wiki! Unajua Achi wetu akiguswa tu na samaki anavimba, kwa hivyo tuliapa sote hakuna kuonja safari nzima. Jana Baba Achi akasema anaenda kuweka upepo kwa tairi. Aliporudi akambusu mtoto, na shavu likavimba hapo hapo. Akakiri amekula samaki, nami nikamgombeza mpaka majirani wakatoka nje.

Leo Achi ni mzima, anacheza. Lakini wewe tu nakwambia: kilichoniuma zaidi ni kwamba alikula samaki wa ngege mzima bila mimi.

Tukirudi Kawangware nitamwachia Baba Achi mtoto, nije kwako. Niwekee omena, na kipande cha sabuni cha kunawia kabla sijarudi kwa Achi.

Akupendaye,
Mama Achi