Mashua Yako ya Muhuru

Mjukuu wangu Achieng,

Natumaini mmeamka salama huko Homa Bay. Huku Kericho mgongo umechoka na kuchuma chai, lakini chakula kinapita. Mwambie mama yako blanketi lilifika.

Umeniuliza kama mashua uliyonunua Muhuru uilete kupitia ziwani au kwa lori. Nimewaza wiki nzima na bado nimechanganyikiwa.

Mimi na kaka yangu Odhiambo tulinunua yetu huko huko. Yeye alitaka ziwa. "Mashua ni bibi arusi," alisema. "Habebwi kama gunia la mahindi." Nikabisha: upepo, mawimbi, mafuta ya injini. Nikashinda. Lori lilipitia Rongo kwenye jua kali, mbao zikakauka na kuachana. Wanawake walikuwa ufuoni kwetu wakiimba kuipokea mashua. Tulipoishusha ikajaa maji mbele yao, na wimbo ukakatika.

"Shemeji," mke wa Odhiambo akaniambia, "bibi arusi gani huyu? Umetuletea chujio."

Lakini ziwani pia watu huzama, kwa hiyo njia iliyo bora siijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba katika sababu zangu zote, ile ya kweli haikuwemo. Sikujua kuogelea, na niliona haya kusema. Ningesema, Odhiambo angenicheka mpaka jioni, kisha angenifunga dumu tupu kiunoni la kunielesha na tungeenda.

Achieng, wewe unaogopa nini? Niandikie hilo kwanza.

Babu yako,
Owino